Debian Edu, Debian ya kawaida au Ubuntu: ipi uweke kwenye chumba cha kompyuta kinachoendeshwa na seva moja?

Shule iliyopata kompyuta 20 za mtumba, nusu yake diski zimekufa, haina haja ya kwenda kununua diski. Seva moja nzuri, swichi na kebo vinatosha kuziwasha zote kupitia mtandao, iwe Mpwapwa, Bahi au katikati ya jiji la Dodoma. Programu inayofanya kazi hiyo kwenye Linux inaitwa LTSP (Linux Terminal Server Project). Ni ya bure, na imo ndani ya distro (matoleo ya Linux yaliyofungashwa tayari) zaidi ya moja. Hapo ndipo walimu wengi wa TEHAMA wanapokwama: waweke Debian Edu (Debian iliyoandaliwa kwa ajili ya shule), Debian ya kawaida au Ubuntu?

Kwa ufupi: shule yenye chumba kimoja na mwalimu mmoja anayejua Linux kiasi iweke Debian ya kawaida yenye MATE (muonekano mwepesi wa eneo la kazi), kisha LTSP juu yake. Chuo au shule yenye wanafunzi mamia, vyumba viwili au zaidi na mtu aliyeajiriwa kutunza mitambo iende Debian Edu. Ubuntu tunaiweka ya tatu, na sababu zake ziko hapo chini. Bahati nzuri, ukikosea hapa hupotezi kila kitu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni ile ile katika distro zote tatu.

Kilicho cha pamoja

LTSP ilianza Marekani mwaka 1999, ikiongozwa na Jim McQuillan. Hadi toleo la 4.2 mradi wenyewe ndio uliokuwa unatengeneza mfumo mzima unaowaka kwenye vituo, yaani kompyuta za wanafunzi, na mfumo huo mmoja ukapachikwa juu ya distro yoyote. Ilikuwa rahisi kuuweka, lakini tundu la usalama likionekana kwenye maktaba fulani ya programu, ulilazimika kusubiri mradi utoe toleo jipya hata kama distro yako ilikwisha kuliziba.

Toleo la 5 likageuza mambo. Ubuntu, Debian, Fedora, Gentoo na openSUSE zilishirikiana msimbo mmoja, ila kila moja ikajenga mfumo wa vituo kwa vifurushi vyake yenyewe. Skrini ya kuingilia ya LDM, faili la mipangilio la lts.conf, na ltspfs iliyomwezesha mwanafunzi kuchomeka fleshi kwenye kituo na kuiona akiwa ndani ya seva, vyote vilikuwa mali ya wote. Masasisho ya usalama yakaanza kuja kwa njia ya kawaida ya distro. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa.

Lakini sehemu ya kujenga mfumo wa vituo haikuwa ya pamoja. Debian na Ubuntu zilikuwa na njia yao, Fedora yake, openSUSE ikatumia zana iitwayo KIWI. Kila njia ilihitaji mtu wa kuitunza, na distro iliyopungukiwa na watu hao ikabaki nyuma. Ndiyo maana maelezo mengi ya zamani ya kuweka LTSP kwenye Fedora au openSUSE, ukiyafuata leo, hayakufikishi popote.

Mwaka 2019 Alkis Georgopoulos wa Ugiriki aliongoza kuandikwa upya kwa programu yote, na namba ya toleo ikaruka kutoka 5 hadi 19 kufuata mwaka. Badala ya kujenga mfumo wa vituo kuanzia sifuri, LTSP mpya inaichukua seva yenyewe jinsi ilivyo na kuibana kuwa faili moja la squashfs (mfumo mzima uliobanwa ndani ya faili), ndilo vituo vinalowaka nalo. Sehemu inayotofautiana kati ya distro na distro ikabaki ndogo sana. Leo LTSP inatunzwa vizuri kwenye Debian na Ubuntu, na Debian Edu, iliyoanzia Norwei mwaka 2001 kwa jina la Skolelinux, inatumia LTSP hiyo hiyo tangu Debian 11.

Kwa anayechagua maana yake ni moja: faili la /etc/ltsp/ltsp.conf uliloandika kwenye Ubuntu linasomeka kwenye Debian bila kubadilishwa. Kwa hiyo unapolinganisha distro, usiangalie uzuri wa skrini. Angalia nani anaitunza LTSP ndani yake, na distro imeongeza nini juu ya ile sehemu ya pamoja.

Kabla ya distro: kazi ifanyikie wapi?

Swali hili lina uzito kuliko jina la distro, na wengi hulipita. Kuna vituo vyepesi, ambavyo huonyesha tu picha huku programu zote zikiendeshwa na seva. Na kuna vituo visivyo na diski, ambavyo huchukua mfumo kutoka kwenye seva lakini hutumia prosesa na RAM yake vyenyewe.

Vituo vyepesi vinahitaji seva yenye nguvu. Kisia GB 2 za seva yenyewe, kisha kati ya MB 500 na GB 1 kwa kila mwanafunzi anayefungua Firefox na LibreOffice kwa pamoja. Wanafunzi 20 wanakupeleka kwenye GB 12 hadi 22 za RAM. Video ndiyo inayoviangusha. Picha ya 1280 kwa 720 yenye rangi za biti 24, fremu 24 kwa sekunde, bila kubanwa ni kama megabiti 530 kwa sekunde kwa kituo kimoja. Kadi ya mtandao ya megabiti 100 haina pa kuipitisha. X2Go, programu inayopeleka skrini ya seva kwenye kituo, hubana picha, lakini hapo prosesa ya seva ndiyo inayobeba mzigo.

Vituo visivyo na diski vinataka kompyuta zenye RAM ya GB 2 kwenda juu, na ukipata GB 4 usiiache. Seva inabaki na kazi ya kugawa faili, hivyo hata kompyuta ya kawaida yenye GB 8, SSD na kadi ya gigabiti inahudumia chumba kizima. Video inachezwa na kituo chenyewe. Kwa kompyuta za mtumba nyingi zinazouzwa sasa, hii ndiyo njia.

Kuna mambo mawili ya huku kwetu yanayoweza kugeuza uamuzi huo. La kwanza ni umeme kukatika katikati ya kipindi. Kituo kisicho na diski kikizimika, kazi ambayo mwanafunzi hakuihifadhi imekwenda. Kwenye kituo chepesi cha X2Go, kama seva iko kwenye UPS, kazi inabaki wazi ndani ya seva. Umeme ukirudi mwanafunzi anaingia tena na kukuta sentensi yake pale pale alipoiachia. Shule isiyoweza kununua UPS 20 ilifikirie hili kwa makini.

La pili ni uniti za LUKU. Tuseme kompyuta ya mezani ya zamani inakula wati 80 bila skrini. Ishirini kwa saa 6 ni uniti 9.6. Vile vidude vidogo vya mtumba vilivyotengenezwa kuwa vituo vyepesi, aina ya HP au Dell Wyse, tukivihesabu wati 15 kila kimoja, vinakula uniti 1.8 kwa muda huo huo, na seva ya wati 150 inaongeza 0.9. Kama shule inanunua vifaa upya, hesabu hii ifanyike kabla ya kwenda dukani.

Tatu kwa pamoja

| | Debian Edu | Debian ya kawaida + LTSP | Ubuntu + LTSP |
|---|---|---|---|
| Anwani za mtandao | 10.0.0.0/8, seva kuu 10.0.2.2, ruta 10.0.0.1 | Zozote ulizo nazo | Zozote ulizo nazo |
| Akaunti za wanafunzi | LDAP (orodha kuu ya akaunti) na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha nywila), kupitia ukurasa wa wavuti wa GOsa² | Akaunti za kawaida za seva | Akaunti za kawaida za seva |
| Vituo vyepesi | X2Go imeandaliwa | Unaweka X2Go mwenyewe | Unaweka X2Go mwenyewe |
| Kuweka bila intaneti | Ndiyo, kwa ISO (faili la kusakinishia) yake kubwa | Kwa sehemu. LTSP yenyewe upakue | Kwa sehemu. LTSP yenyewe upakue |
| Firefox | Kifurushi cha deb (cha kawaida cha Debian) | Kifurushi cha deb | Snap (aina nyingine ya kifurushi, ya Ubuntu) |

Mstari wa kwanza ndio unaowaumiza watu wengi. Debian Edu inataka kumiliki mtandao wote. Ruta ya intaneti lazima iwe 10.0.0.1 na DHCP yake (huduma ya kugawa anwani) izimwe, maana seva kuu ndiyo inayogawa anwani. Ruta nyingi zinazotolewa na kampuni za intaneti huja na 192.168.1.1 na baadhi hazikuruhusu kuingia ndani kubadilisha. Usipobadilisha, kuna vituo vitapata anwani kutoka kwenye ruta na vingine kutoka kwenye seva. Asubuhi moja chumba nusu kinawaka, nusu hakiwaki, na kesho yake vituo vingine kabisa ndivyo vinavyogoma. Tiba ni kuweka ruta yako ya pili kati ya seva na ile ya kampuni, ukiipa ndani anwani ya 10.0.0.1.

LTSP juu ya Debian ya kawaida haina ugomvi huo. Dnsmasq yake, programu inayojibu vituo vinapowaka, inaiachia ruta igawe anwani, yenyewe inaongeza tu maelezo ya wapi kituo kichukue mfumo. Kwa mtandao mdogo wenye ruta usiyoigusa, urahisi huo peke yake unatosha kuamua.

Kwenye akaunti mambo yanageuka. Debian Edu inakuwezesha kuingiza darasa zima kutoka faili la CSV, kuweka makundi na kubadilisha nywila kwenye ukurasa wa wavuti, kazi ambayo hata karani wa taaluma anaweza kufundishwa. Kwenye Debian ya kawaida utatumia amri ya newusers na faili la maandishi. Kwa wanafunzi 100 hilo halina shida. Kwa wanafunzi 900 wanaoingia na kutoka kila mwaka, wenye vyumba viwili na seva mbili, utachoka.

Intaneti nayo ina lake. Huko Chemba au vijiji vya Kondoa ambako kila kitu kinategemea bando la simu, ISO kubwa ya Debian Edu iliyopakuliwa mjini na kuwekwa kwenye fleshi ya GB 16 inamaliza kazi bila kugusa mtandao wa nje. Hii ni nguvu yake ambayo haizungumzwi vya kutosha.

Kuhusu Ubuntu: tangu 22.04 Firefox yake inakuja kama snap, na snap zinasumbua pale mafolda binafsi ya wanafunzi yanapopitia mtandao. Unaweza kuiondoa na kuweka deb kutoka hazina ya Mozilla, ila ni kazi ya ziada ambayo Debian na Linux Mint (distro iliyojengwa juu ya Ubuntu) hazikupi. Aliyekwisha kuizoea Ubuntu na anajua kurekebisha hilo, abaki nayo. Linux Mint inafuata hatua zile zile za Ubuntu.

Hatua za LTSP kwenye Debian ya kawaida

Weka Debian yenye MATE kwenye seva, ipe anwani isiyobadilika, sakinisha programu zote ambazo wanafunzi watazihitaji, ndipo uendelee kama root (msimamizi mkuu wa seva):

`apt install --install-recommends ltsp ipxe dnsmasq nfs-kernel-server openssh-server squashfs-tools ethtool net-tools epoptes`

`ltsp dnsmasq`
`ltsp image /`
`ltsp ipxe`
`ltsp nfs`
`ltsp initrd`

Amri ya `ltsp image /` ndiyo inayobana seva kuwa faili, na kwenye mashine ya kawaida huchukua dakika kadhaa. Acha nafasi ya kutosha kwenye /srv. Kama seva ina kadi mbili za mtandao, moja ya intaneti na nyingine ya vituo, tumia `ltsp dnsmasq --proxy-dhcp=0` na uipe kadi ya vituo 192.168.67.1. Epoptes inampa mwalimu uwezo wa kuona skrini zote za darasa na kuzizima kwa pamoja.

Sasa makosa yanayojirudia. Ukiongeza mwanafunzi mpya au kubadilisha ltsp.conf, endesha tena `ltsp initrd` kisha uwashe upya vituo. Usipofanya hivyo, mwanafunzi anaingia vizuri akiwa kwenye seva lakini kituo kinamkataa, na utadhani nywila ni mbovu. Kubadilisha nywila peke yake hakuhitaji hatua hiyo, kwa sababu uthibitisho unapita SSH (njia ya siri ya kuunganisha kompyuta) hadi kwenye seva. Ukisakinisha programu mpya, rudia `ltsp image /`. Kama kerneli (kiini cha mfumo) nayo imesasishwa, amri hiyo hiyo huinakili.

Folda binafsi kwa kawaida huja kwa SSHFS (kusoma mafaili ya seva kupitia SSH), ambayo ni salama lakini huchosha kompyuta dhaifu. Chumba kikilemewa, hamia NFS, njia nyingine ya kugawana mafaili mtandaoni: endesha `ltsp nfs --nfs-home=1`, weka mstari huu kwenye sehemu ya `[clients]` ya ltsp.conf, halafu `ltsp initrd`:

`FSTAB_HOME="server:/home /home nfs defaults,nolock 0 0"`

Ujue tu kwamba NFS ya namna hii inamwamini kila aliye kwenye mtandao huo. Usiitumie kwenye mtandao mmoja na Wi-Fi ya wageni.

Kituo kikigoma kuwaka, soma ujumbe wake wa PXE (mfumo wa kuwaka kwa mtandao) kabla ya kufungua chochote. PXE-E51 maana yake hakuna aliyejibu ombi la anwani: angalia kebo, swichi na DHCP. PXE-E53 maana yake anwani imepatikana lakini hakuna aliyesema faili liko wapi, yaani dnsmasq ya seva haifanyi kazi. PXE-E32 ni TFTP (huduma inayotoa faili la kuwakia) kutofikika, mara nyingi ukuta wa usalama wa seva umefunga. Kwenye mashine za UEFI zima Secure Boot kwanza. Na kama chuo kina swichi za kitaalamu, milango ya vituo iwekewe portfast, vinginevyo swichi inasubiri kama nusu dakika kabla ya kupitisha data na kituo kinakuwa kimekwisha kukata tamaa.

Vifaa

Betri ya CR2032 kwenye ubao wa kompyuta ya mtumba ibadilishwe kabla ya yote. Ikifa, BIOS inasahau kwamba iwake kwa mtandao, na saa inarudi miaka ya nyuma. Kwenye LTSP ya kawaida saa mbovu inaleta malalamiko ya vyeti vya tovuti. Kwenye Debian Edu ni balaa zaidi: Kerberos haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5, kwa hiyo mwanafunzi anakataliwa akiwa na nywila sahihi kabisa.

Kebo ya seva kwenda kwenye swichi iwe gigabiti hata kama vituo ni vya megabiti 100. Mchanganyiko huo una mtego: udhibiti wa mwendo wa Ethernet unaweza kuifanya seva iende kwa kasi ya kituo cha polepole kuliko vyote. Ndiyo kazi ya ethtool kwenye orodha ile. Kuzima ni `ethtool -A` ikifuatiwa na jina la kadi, kisha `rx off tx off`.

Mashine za biti 32, zile Pentium 4 za zamani, hesabu yake imekwisha. Ubuntu iliachana nazo baada ya 18.04, na Debian 13 ya mwaka 2025 haitoi tena kerneli wala kisakinishi chake. Ukipewa msaada wa kompyuta, uliza aina ya prosesa kabla ya kulipa nauli ya kuzisafirisha kutoka Dar es Salaam.

Kwenye BIOS ya vituo, chagua vibaki vimezimwa umeme ukirudi. Vikijiwasha vyenyewe vitaitafuta seva ambayo bado inaamka, na vyote vitaishia kwenye skrini ya kosa. Seva ikishakuwa tayari, washa mstari mmoja wa meza, subiri skrini ya kuingilia, ndipo uwashe mwingine. Vumbi la kiangazi cha Dodoma linaziba feni ya seva haraka. Ifunguliwe na kupulizwa kila mwezi kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, na iwekwe juu ya meza, si sakafuni.

Ukitaka kuhama baadaye

Kutoka Ubuntu kwenda Debian ya kawaida, chukua vitu vitatu: /home, faili la ltsp.conf, na mistari ya wanafunzi kutoka /etc/passwd, /etc/shadow na /etc/group, ukihakikisha namba za watumiaji (UID) hazigongani. Endesha amri tano zilizo hapo juu, na vituo havitaguswa kabisa. Kwenda Debian Edu ni safari ndefu zaidi, kwa kuwa akaunti lazima ziingizwe upya kwenye LDAP na mafolda yahamie /skole/tjener/home0 yakiwa na UID mpya, hivyo utahitaji `chown -R` kwa kila folda. Nywila za zamani haziendi. Andaa mpya na uzigawe kwenye karatasi. Kazi hiyo ifanye wakati wa likizo, seva ya zamani ikiwa bado nzima pembeni.